Msondo Nyuma ya Mlango

Mpwa wangu ana miaka 22, anakaa Mbagala, na tangu mwaka uanze ananiandama na muziki wa Norwei. Nikikaa naye kidogo tu, simu iko mkononi, waya mmoja wa spika sikioni kwake, mwingine kwangu. "Mjomba, sikiliza hapo. Hiyo siyo ngoma, huo ni mti. Jamaa kaupiga mti wenyewe."

Kundi linaitwa Wardruna. Lilianza mwaka 2003, na kiongozi wake, Einar Selvik, aliwahi kuwa mpiga drums wa bendi ya metali iitwayo Gorgoroth, kelele tupu. Kisha akageuka. Albamu tatu za Wardruna, zilizotoka mwaka 2009, 2013 na 2016, zimejengwa juu ya herufi 24 za kale za watu wa Kaskazini. Pamoja na vinanda vya zamani na ngoma za ngozi, wanatumia miti, mawe, maji, hata mienge ya moto. Muziki wa namna hiyo mashabiki huuita neofoki: polepole, wa ukungu, unaokufanya uone msitu hata kama umekaa kwenye daladala la Mbagala Rangi Tatu na kwapa la mtu liko usoni.

Nakiri, ni muziki mzuri. Ila siku moja kijana akanitupia swali: "Sisi mbona hatuna kitu kama hiki? Sisi ni singeli na kelele tu."

Swali lilinikera, kwa sababu ya mahali lilipoulizwa. Tulikuwa tumekaa barazani kwa mama yangu, yaani bibi yake, na mama yangu ni kungwi. Nyuma ya mlango wa chumba chake, hatua kumi kutoka pale tulipokaa, imesimama ngoma ndefu ya uso mmoja, imefunikwa kanga. Ni msondo. Kijana huyu amepita mbele ya ngoma hiyo tangu anatambaa, na leo ananiuliza kwa nini hatuna muziki wa miti.

Lakini kukereka si jibu. Ikabidi nikae chini nipange ninachokijua, nisome nisichokijua, niwaulize wakubwa. Hiki ndicho nilichompa, na ninakupa na wewe.

Tuanze kabla Temeke haijawa Temeke. Sultani Majid wa Zanzibar alipoanza kujenga mji wake miaka ya 1860, kando ya kijiji cha Mzizima, sehemu kubwa ya bara ya hapo ilikuwa Uzaramo, mpaka Kisarawe na Maneromango huko: mashamba, vichaka, na misitu ya vilima vya Pugu. Leo tunapaita pembezoni mwa jiji. Wakati ule mji ndio uliokuwa pembezoni mwa msitu.

Watu hao walikuwa na jamaa zao wa mbali milimani Uluguru, na huko ndiko alikosadikiwa kukaa Kolelo, ndani ya pango. Mvua ikikataa, wajumbe walitoka Uzaramo kwenda kumwomba. Mmisionari Mjerumani Martin Klamroth, aliyefanya kazi Uzaramo zama za ukoloni, aliandika juu ya imani hiyo, na aliandika kwa sababu ilikuwa imewatia Wajerumani tumbo joto: wakati wa Vita vya Maji Maji, mwaka 1905, habari zilienea kwamba Kolelo ameagiza watu wasilipe kodi. Hebu fikiri. Sauti ya pangoni, ya mvua na rutuba, ikageuka amri ya kisiasa. Ibada ya kale haikuwa pambo la jioni. Ilikuwa na uzito wa kuwatisha wenye bunduki.

Karibu zaidi na nyumbani palikuwa na mti uitwao mkole. Si mti mkubwa wa kutisha, ni wa kichakani tu, lakini huzaa sana vitunda vyake vidogo, na kwa hiyo ukawa mti wa mwali. Msichana wa Kizaramo akivunja ungo alitiwa ndani, na katika safari yake ya kuwa mtu mzima makungwi walimpeleka chini ya mkole. Hapo ndipo palipoimbwa. Mwali alipewa pia mwana hiti, kijisanamu cha mti cha kuenea kiganjani, kisicho na mikono, chenye kichwa cha nywele zilizosukwa kwa matuta. Jina lake maana yake ni mtoto wa mti. Alimtunza kama mwana wake wa kwanza. Umbo hilohilo mafundi walilichonga hata juu ya nguzo za makaburi, kwa hiyo mtoto wa mti alikuwepo unapoanza utu uzima na alikuwepo unapolazwa.

Sasa angalia msondo wenyewe umetengenezwa kwa nini. Gogo lililotobolewa, ngozi ya mnyama, na moto wa kuikaza ngozi kabla ya kupiga. Mti, mnyama, moto. Selvik wa Norwei amelazimika kuvitafuta vitu hivyo upya, kwa sababu dini ya mababu zake ilizikwa na Ukristo karibu miaka elfu moja iliyopita, na kilichobaki ni maandishi na mifupa ya vinanda makumbusho. Anafukua. Sisi hatukuwa na haja ya kufukua. Msondo uko nyuma ya mlango.

Nyimbo zake sitaziandika hapa, na si kwa sababu ya unafiki. Kwanza mimi ni mwanamume, sikuingia. Pili, za ndani ni za ndani. Mimi msondo ninaujua kama wavulana wote wa Temeke wa rika langu walivyoujua: kutoka upande wa pili wa ukuta. Unalala, usiku umeingia, na kutoka nyumba ya tatu unasikia mdundo mzito unaotembea chini kwa chini, halafu sauti ya mwanamke mmoja inatoa, sauti za wengi zinapokea, halafu kicheko kikubwa usichokielewa. Maneno hayakufikii. Unachopata ni mvumo tu. Nilimwambia mpwa wangu, kama unatafuta muziki wa ukungu, mimi nimekulia ndani yake.

Kuna mtu mmoja aliyekaa upande ule wa ukuta akaandika. Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Ufini, aliishi Bunju katika nusu ya pili ya miaka ya 1960. Bunju ya leo ni kata ya Kinondoni, yenye magorofa na foleni. Bunju ile ilikuwa kijiji cha pwani cha Wazaramo. Swantz hakukaa pembeni na daftari; alikaa na wanawake, akashiriki, na kitabu chake juu ya ibada na alama katika jamii ya Wazaramo inayobadilika kilitoka mwaka 1970. Neno la kushika hapo ni "inayobadilika". Hakukuta watu wa kale waliogandishwa. Alikuta watu walioswali msikitini, waliopeleka watoto shule, na bado wakajua mkole uko wapi. Muda wa mwali kukaa ndani ulikuwa umefupishwa, kwani shule haisubiri. Na mwaka 1966, katikati ya utafiti wake, kiwanda cha saruji cha Wazo Hill, jirani kabisa na Bunju, kilianza uzalishaji. Nikifikiria miaka ile ninayasikia yote mawili kwa pamoja: makungwi chini ya mkole, na mashine zinasaga kilima kitoke saruji ya kujengea Dar es Salaam. Ile saruji ndiyo kuta zetu tulizokuja kusikilizia msondo.

Mpwa wangu alicheka niliposema Ufini. "Kumbe hao hao wa Kaskazini!" Ndiyo, hao hao. Mmoja wao alikuja kukaa mkekani Bunju miaka mingi kabla wenzake hawajaanza kupiga miti.

Serikali nayo ilikuwa na hamu yake. Desemba 1962, akihutubia Bunge baada ya kuwa Rais, Nyerere alitangaza Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na akasikitika kwamba wasomi wetu wanajua rumba na chachacha kuliko gombe sugu na lele mama. Kikaundwa kikundi cha ngoma cha taifa. Kutoka Ugogo akaletwa Hukwe Zawose na zeze lake na ilimba yake. Baadaye akawa nguzo ya Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichofunguliwa mwaka 1981, na sauti yake ikafika Ulaya mpaka alipofariki mwishoni mwa 2003. Kama tunatafuta jibu la haraka kwa swali la kijana, Zawose ndiye. Mweke kando ya Wardruna usikie nani anavuma zaidi.

Ila jukwaa la taifa lilikuwa na bei yake. Ngoma ikipanda jukwaani hunyooshwa mstari, hufupishwa iwe dakika kumi, huvalishwa sare, na hutazamwa na watu waliokaa. Sindimba ya Wamakonde ilipata umaarufu nchi nzima kwa njia hiyo. Lakini mwali hayupo. Hakuna anayeingia kwenye ngoma hiyo akiwa mtu mmoja na kutoka akiwa mwingine. Na hapo ndipo ninapoona neofoki ya Ulaya na ngoma ya jukwaa la taifa ni ndugu: zote mbili ni muziki wa ibada ulioondolewa kazi yake. Ni mzuri, unagusa, lakini umestaafu.

Sasa ni lini ngoma ya Kizaramo ilistaafu? Hapa ndipo historia ya Dar es Salaam inaponifurahisha, kwa sababu ngoma hii ilikataa kustaafu. Ilibadilisha ajira.

Jaribu kukumbuka bendi mbili zilizopasua jiji hili katikati kama Simba na Yanga. Ya kwanza ilianzishwa mwaka 1964 kama NUTA Jazz, chini ya chama cha wafanyakazi; ikawa JUWATA, ikawa OTTU, na mwisho ikabaki na jina la mtindo wake: Msondo Ngoma. Ya pili ilizaliwa mwaka 1978, Mlimani Park, na mtindo wake ni Sikinde, ngoma ya ukae. Ukae kwa Kizaramo ni nyumbani. Muhidin Maalim Gurumo, aliyefariki mwaka 2014, aliimba katika zote mbili. Tumecheza majina haya miaka na miaka, tumebishana nani mkali, na wengi wetu hatukuwahi kujiuliza. Msondo ni ngoma ya unyago. Sikinde ni ngoma ya Wazaramo. Magitaa ya umeme, tarumbeta, suti, bia mezani, na juu ya mlango jina la ngoma ya kichakani. Mwenye kuweka jina lile alijua anachofanya: alikuwa anawaambia watu wa mji kwamba hapa pia ni ukae.

Mitaani mambo yalikuwa makali zaidi. Kuna mdundiko, ngoma inayotembea. Haikungojei ukumbini, inapita barabarani, na kila inakopita inazoa watu, mpaka mtoto aliyetumwa chumvi anajikuta mtaa wa nne hajui arudi vipi. Wazazi wa Temeke na Kinondoni wamewatafuta sana watoto kwa ajili ya mdundiko. Na kabla ya kuanza, wapigaji huwasha moto kando ya njia kukaza ngozi. Zamani ulikuwa moto wa kuni. Mimi nimeukuta ni moto wa maboksi na makaratasi yaliyookotwa dukani. Msitu umekwisha, lakini ngozi bado inadai moto wake, na moto unapatikana.

Kutoka mazingira hayo hayo, yenye mdundiko, vanga na mnanda, vijana wasio na hela ya gitaa wakaokota kinanda kidogo cha Casio, kile cha kuchezea watoto, wakakiunganisha na spika za honi, wakaweka ngoma zao kando. Ukazaliwa mchiriku. Jagwa Music wa Mwananyamala walianza mwaka 1992, na ilipofika 2012 albamu yao *Bongo Hotheads* ikatoka Ubelgiji kwa kampuni ya Crammed Discs. Watu wa Ulaya walishangaa Casio. Mimi ninayemkumbuka ni yule anayepiga kigoda. Kigoda cha mti, cha kukalia, kinachapwa fimbo mbili mpaka kinalia. Kuna mtu bado anataka kuniambia kwamba sisi hatupigi miti? Hata jina lenyewe, sikio langu haliwezi kulisikia "mchiriku" bila kumkumbuka chiriku, yule ndege mdogo mwenye domo.

Halafu singeli, huo "kelele tu" wa mpwa wangu. Manzese, Tandale, Mburahati: vipande vya taarabu na mchiriku vinakatwa kwenye kompyuta, vinazungushwa, vinakimbizwa mpaka midundo mia mbili na zaidi kwa dakika. Mwaka 2017 studio ya Sisso ya Mburahati ikatolewa kwenye santuri ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na wapenzi wa muziki wa Ulaya wakasema wamesikia muziki wa kesho. Sawa, lakini pita mtaani kwenye shughuli ya kumtoa mwali, uone inapopigwa. Iko pale pale msondo ulipokuwa: msichana kaketi katikati, kajifunika, shangazi zake wanamtunza noti, na spika inapasua anga. Kesho hiyo ina bibi.

Sitaki kupamba. Kuna kilichopotea, na kinauma. Mwana hiti leo utamkuta kwenye kabati la kioo kuliko mkononi mwa mwali, na wengine wamevuka bahari kwenda kukaa kwenye makumbusho za Ulaya. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi imekatwa mkaa miaka mingi, mkaa wa kupikia wali wa shughuli hizo hizo. Watoto wetu wanajua mkole kama neno kwenye wimbo, kama wanalijua. Na baadhi ya kilichokuwa ndani kimetolewa nje kwa fujo, mambo ya watu wazima yanachezwa mbele ya watoto wa chekechea, mpaka viongozi na wazazi wakapiga kelele, wakati mwingine kwa haki kabisa. Ukuta ulikuwa na kazi yake. Ulitenganisha anayefundishwa na anayechungulia.

Basi nirudi barazani. Mwaka huu dada wa huyu kijana anaolewa. Kamaliza chuo, ana kazi yake, ana *kitchen party* ya watu mia mbili ukumbini. Mama yangu akasema vizuri sana, ukumbi mwende, lakini mjukuu wangu haolewi kabla hajachezwa. Akaagiza kitu kimoja: tawi la mkole. Mbagala nzima hatukulipata. Ikabidi kijana wa bodaboda apelekwe Kisarawe, kwa mzee anayelijua, akarudi jioni na tawi limefungwa kwenye mfuko wa rambo, kama mtu aliyetumwa mchicha.

Mpwa wangu, ambaye safari hii alikuwa ameshasikia hadithi yangu yote, akaja na kinasa sauti chake. Akamsogelea bibi yake kwa adabu zote.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu. Una shida gani?"

"Bibi, naomba nirekodi msondo. Nitengeneze muziki. Watu wausikie."

Mama akamtazama muda mrefu. Mimi nilijiandaa kusikia hapana, na kusema kweli nilikuwa upande wa hapana.

"Ndani huingii," akasema. "Wala hicho kidude chako hakiingii. Lakini kaa pale nje kwenye ukuta, alipokuwa anakaa mjomba wako utotoni, akidhani simwoni. Kinachovuka ukuta ni cha mtaa. Hicho chukua."

Akakaa usiku kucha kwenye ndoo iliyopinduliwa. Asubuhi akanipa waya mmoja wa spika, yeye akachukua wa pili. Kulikuwa na bodaboda linapita. Kulikuwa na mbwa, na jenereta la jirani, na mtu anakohoa. Chini ya vyote hivyo, mbali kidogo, mdundo ule ule, na sauti moja ya mwanamke mzee inayotoa. Maneno hayasikiki. Halafu kile kicheko.

"Sasa hii," nikamuuliza, "utaiita muziki gani?"

"Sijui, mjomba," akasema. "Lakini siikimbizi. Nitaiacha mwendo wake."